Majina Yaliyobaki Kwenye Diski

Fundi aliinama, akaweka sikio kwenye boksi la kompyuta yangu kama mkunga anayesikiliza tumbo, kisha akainuka na kusema diski inagonga. Nikamuuliza inagonga nini. Akasema inagonga kuaga.

Nilikuwa nimemwita kwa jambo jingine kabisa. Wakati huo nilikuwa na studio ya picha Newala, chumba kimoja karibu na soko, pazia la bluu ukutani na stuli moja ya kukalia mteja. Ilikuwa miaka ile ambayo biashara zimefunguliwa, na kila aliyekuwa na kaakiba alifungua kitu: huyu mashine ya kusaga, yule duka la dawa, mwingine video ya kuonyesha filamu kwenye uwanja wa nyumba yake. Mimi nilifungua studio. Nilipoleta kamera ya dijitali watu walinicheka, wakasema picha bila filamu ni sawa na pilau bila mchele. Baada ya msimu mmoja wa korosho waliacha kucheka, wakaanza kupanga foleni.

Kompyuta niliinunua Dar es Salaam ikiwa imetumika, nzito kama gunia la mahindi. Ilinitumikia vizuri mpaka niliponunua printa mpya ya picha. Niliichomeka, nikasubiri, kompyuta ikaniandikia kwamba haiitambui. Nikachomoa, nikachomeka tena, nikaipiga kofi la pembeni. Ikarudia neno lile lile. Ndipo nikamwita fundi kutoka Masasi aje anipigie Windows mpya, maana ile yangu ilikuwa imezeeka na printa ilikuwa ya kisasa. Akaja, akasikiliza, na habari ya printa ikawa ndogo.

"Windows mpya nitakuwekea kwenye diski nyingine," alisema. "Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni picha zako. Zimo humu kwenye hii inayokufa. Kabla sijafanya lolote lazima nizihamishe."

"Basi zihamishe."

"Mama, hii inasoma kwa taabu. Ikipata moto inasimama. Nikianza kukopi sijui itanifikisha wapi. Kwa hiyo wewe ndiye utakayepanga. Kipi kwanza, kipi baadaye. Anza na vile ambavyo ukivikosa utalia."

Newala hapakufaa kwa kazi hiyo. Umeme wetu ulikuwa wa jenereta la mji, ukija unapotaka na kuondoka unapotaka, na yeye hakutaka diski ile izimwe katikati ya kazi. Kule Masasi yeye alikuwa na kajenereta kake mwenyewe nyuma ya duka. Tukakubaliana kwamba nikishapanga, nitaipeleka.

Nikakaa mbele ya kompyuta nikaanza kupanga, na hapo nikaona kazi niliyopewa si ndogo. Kila mteja alikuwa na folda yake, nayo niliipa jina alilolitaja mwenyewe siku alipokuja kupigwa picha. Zilikuwa zimejaa: maharusi, kwaya, maimamu, walimu, watoto wa kipaimara, mzee aliyepigwa picha na baiskeli yake mara nyingi kuliko alivyowahi kupigwa na mkewe. Mimi ni nani niseme nani aanze? Nikasema kila mtu na aje aseme mwenyewe. Nikaomba itangazwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili: kompyuta ya studio ni mgonjwa, anayetaka picha zake ziokolewe aje ataje jina.

Sasa lazima niseme habari ya folda moja iliyoitwa Zamani, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka.

Kwetu mtoto akiingia jandoni anaacha jina lake huko. Anatoka na jina jipya, na lile la kwanza halitajwi tena. Ukimwita kijana aliyetoka kumbini, kwenye kambi ya jando, kwa jina la utotoni umemtukana, umemvua nguo mbele za watu, na wazee wanaweza kukutoza kuku kwa mdomo wako. Wasichana nao vivyo hivyo. Mimi nimezaliwa Chiwata, kwenye familia ya walimu wa misheni, tumebatizwa wote mpaka paka, na bado ninalo jina nililoliacha unyagoni ambalo siliandiki hapa wala popote. Hata mama mzazi hubadilika. Jana alikuwa Mama Fulani kwa jina la utotoni la mwanawe. Mtoto akitoka, mama naye anapata jina jipya siku hiyo hiyo, na majirani wanajikwaakwaa kwa wiki kadhaa mpaka ndimi zinazoea.

Akina mama walikuwa na desturi waliyoianzisha wenyewe baada ya mimi kufungua studio. Siku chache kabla ya watoto kuingia kumbini, waliwaleta wapigwe picha. Walioga, wakapakwa mafuta mpaka wanang'aa, wakavaa shati jeupe la kuazimana, shati moja kwa watoto wanne. Niliwauliza akina mama kwa nini wasisubiri mtoto atoke, apendeze, avae mpya. Mmoja akanijibu kwamba atakayetoka ni mwingine.

Picha hizo nilizihifadhi kwa majina yao ya wakati ule. Walipotoka, nikawa na kompyuta iliyojaa matusi. Kijana anakuja na wenzake, amevaa suruali mpya na miwani ya jua, anasimama nyuma yangu, na kwenye kioo cha kompyuta linamsubiri jina ambalo hata bibi yake hathubutu kulitaja. Nikatengeneza folda moja, nikaiita Zamani, nikawaweka wote humo na majina yao, nikaifunga. Jina lenyewe sikulifuta. Kufuta nako niliona ni kama kumzika mtu.

Basi watu wakaja kutaja majina, na ile wiki sikupumzika. Maharusi walikuja wawili wawili. Mwalimu wa kwaya alitaka kwaya yake iwe ya kwanza kwa kuwa inamwimbia Mungu. Mwenye duka la vifaa akasema yeye ndiye aliyenikopesha mabati, Mungu atasubiri. Mwanamume mmoja alikuja kuomba picha yake ya harusi isiokolewe. Nikamwambia hayo akazungumze na mkewe.

Kwa ajili ya folda ya Zamani hakuja mtu hata mmoja. Niliona, nikasema vizuri, hawaitaki, wamekwishakua. Nikaiacha nje ya mpangilio kabisa. Tangazo lilisema tutaje majina, na sisi tukataja majina. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba kuna majina yasiyotajika. Angekuja mgeni kutoka bara angeuliza mara moja, hii nayo je? Sisi wenyeji tulipita pembeni yake kwa adabu, macho chini.

Kompyuta niliifunga kwenye godoro la mtoto, nikaipakata ndani ya basi mpaka Masasi, vumbi jekundu limeniingia mpaka kwenye meno. Nikamwachia fundi, nikalala kwa shangazi, nikarudi Newala. Fundi alikuwa ameniambia ataanza siku itakayofuata kurudi kwangu, na kwamba nikae karibu na simu.

Kesho yake mchana nilikuwa nafagia studio, maana bila kompyuta sikuwa na kazi nyingine, akapiga hodi mama mmoja wa kijiji cha Makote. Nilimfahamu. Mwanawe alikuwa miongoni mwa walioingia kumbini mwaka uliotangulia. Alitoka mzima, akapata jina zuri, na mvua zilipoanza akashikwa na homa akafariki. Nilikwenda msibani. Nilikuwa sijamwona mama yake tangu siku ile, na alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimesikia mashine yako inaumwa."

"Inaumwa kweli."

"Nimekuja kwa picha ya mwanangu."

Nikamkaribisha kwenye stuli. Akamtaja kwa jina lake jipya, lile la jandoni. Nikajua papo hapo kwamba jina hilo halimo. Kwa jina hilo kijana hakuwahi kupigwa picha. Akaniambia mwenyewe: picha ya ukubwani walikuwa wamepanga kuipiga korosho zikishalipwa, na malipo yalichelewa. Nikamuuliza ile niliyompa, ile ya kwanza, iko wapi. Akasema aliitia motoni pamoja na nguo za utotoni, siku kumbi lilipochomwa. Kwao hufanya hivyo. Mtoto amekwisha, mtu mzima ameingia, vya mtoto haviwekwi.

"Sikujua," alisema. "Nani anajua?"

Sura ya mtoto yule duniani ilikuwa imebaki mahali pamoja, kwenye diski inayogonga, ndani ya folda niliyoiacha nje, Masasi, na fundi alikuwa ameshaanza kazi tangu asubuhi. Nilimshika mkono yule mama tukatoka hata mlango sikufunga.

Simu ya mkononi nilikuwa nayo, lakini mtandao Newala wakati huo ulikuwa ukichagua pa kusimama. Ulipatikana kwenye kona ya soko, mbele ya duka la mafuta ya taa, na kila mwenye simu alikwenda kusimama hapo. Mwenye duka aliweka benchi kwa makusudi, kwa kuwa watu wanaosubiri simu hununua njugu. Mchana ule benchi lilikuwa limejaa wanaume, na wanawake wawili walikuwa wakichambua choroko chini ya upenu. Mambo ya mtu yakipita kwenye kona ile, jioni yalikuwa yamefika mpaka visimani.

Fundi alipokea mara ya pili nilipojaribu.

"Mama, kwaya imepita. Harusi karibu zote. Lakini sasa inasimama simama, naipepea na gazeti."

"Acha hapo ulipo. Kuna folda inaitwa Zamani."

"Hukuiandika."

"Naisema sasa. Chukua yote."

Nikasikia jenereta lake likiunguruma.

"Yote haiwezi, mama. Nimeigusa tu, imegonga. Nipe jina la picha moja, niichomoe hiyo hiyo. Haraka, maana sauti yake imebadilika."

Jina sikuwa nalo. Nilikuwa nimewapiga watoto wengi, kila mmoja akinitajia lake kwa sauti ya woga, na baada ya kuwafungia kwenye Zamani nilijilazimisha kuyasahau. Nilimweleza fundi kwamba ni mvulana, mwembamba, shati jeupe. Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinitisha zaidi.

"Hapa naona majina tu. Sura mpaka nifungue moja moja. Nikifungua tatu, kwenye ya nne diski itakufa."

Nikaifunika simu kwa kiganja, nikamgeukia mama. Nikamweleza kwa maneno mafupi. Hakuuliza swali, watu wa kwetu wanajua kitu kikifa. Nikamwambia aninong'oneze sikioni, nami nitamtajia fundi, na hapa hakuna atakayesikia.

Akanitazama kana kwamba nimemwomba amvue marehemu sanda.

"Wewe umtaje? Wewe ni nani yake?"

"Mama, muda unakwisha."

"Akitajwa na wewe ni tusi. Akitajwa na yeyote kati ya hawa ni tusi. Mtoto yuko kaburini na jina lake la kiume, halafu atukanwe sokoni?" Wanaume wa kwenye benchi waliacha kutafuna. Kisha akanyoosha mkono. "Niletee hiyo simu. Mimi nilimwita kabla yenu nyote."

Hakuwahi kushika simu ya mkononi. Nilimgeuzia, nikamwelekeza sehemu ya kusikilizia, nikasimama karibu naye, kwa kuwa simu zile zilikuwa na sauti ya kumfikia na jirani. Alivuta pumzi. Akalitaja jina polepole, kwa sauti ya chini, macho ameyafumba.

"Sikusikii, mama," fundi akasema. "Mtandao. Rudia."

Akarudia.

"Nasikia mwisho tu. Sema kwa nguvu, mama, tafadhali."

Nilitamani kumpokonya simu nimtukane fundi, naye hana kosa. Mama akafumbua macho. Akajitoa kwenye kivuli cha upenu, akasimama barabarani penye jua ambako mtandao ulikuwa na nguvu zaidi, akalitaja kwa sauti kamili. Mzee mmoja kwenye benchi akamwita Mungu kwa kilugha, "Nnungu wangu," akainama akatazama viatu vyake. Wa pembeni yake akavua kofia. Wale wanawake wawili waliacha choroko. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkanya, ingawa pale palikuwa na wazee ambao siku nyingine wangedai kuku kabla neno halijatua.

"Nimelisikia," fundi akasema. "Subirini."

Tukasubiri. Kupitia simu nilisikia vidole vyake kwenye kibodi, kisha diski ikigonga, ikiacha, kisha ikigonga tena. Nilikuwa nimeushika mkono wa yule mama kwa nguvu mpaka baadaye nikaona nimemwachia alama. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku niliyojifungua.

"Ipo," fundi akasema. "Imehamia huku, nimeifungua. Shati jeupe, mkubwa kuliko yeye. Anacheka, jino moja la mbele hana."

Mama akatikisa kichwa kukubali, kama vile fundi anamwona.

"Lakini diski imezima, mama. Najaribu kuiwasha, haiwaki. Zile nyingine za kwenye Zamani zimekwenda nayo."

Hayo nadhani niliyasikia mimi peke yangu. Yeye alikuwa bado ameiweka simu sikioni, amegeukia upande wa barabara ya Makote, na akaliita tena lile jina, halafu tena, kwa sauti ile ambayo kila mmoja wetu aliitiwa nayo jioni akaoge, ale, alale. Fundi alikuwa akisema, ipo mama, nimeshaipata, haina haja tena. Nikanyoosha mkono niichukue simu, kisha nikaurudisha. Nikamwacha aite mpaka salio likaisha.